Mzoga wa Siku ya Tatu

Ndugu zangu, kila ninapozungumzia jambo hili, mkono wa kwanza kuinuliwa huuliza: mbwa mwitu waliorudishwa Yellowstone, ile hifadhi ya Marekani, wamemaliza elki au hawajawamaliza? Leo nalijibu mapema, nipate nafasi ya kusema lile lililonileta: mfugo akiuawa na mnyama wa porini, mfugaji atauthibitisha vipi.

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Hapa kwetu mbwa mwitu ni yule wa Serengeti na Nyerere, mwenye mabaka na masikio ya duara. Wa Marekani ni mnyama mwingine, ndugu wa karibu wa mbwa tunaofuga, dume lake hufika kilo 50. Kiswahili kimewapa jina moja, na nimesahihisha kazi za wanafunzi waliochanganya utafiti wa huyu na wa yule. Leo ninamsema yule wa kwenye theluji. Elki naye ni jamii ya kulungu, mkubwa, dume lake hupita kilo 300.

Elki wa kaskazini mwa Yellowstone walihesabiwa karibu 19,000 mwaka 1994. Mwaka 1995 wakaletwa mbwa mwitu 14 kutoka Alberta, na 1996 wengine 17 kutoka British Columbia, majimbo yote mawili ya Kanada. Kufikia 2013 elki walikuwa wamebaki takriban 3,900. Ukiishia hapo, umeshahukumu. Lakini baridi ya 1996 kuingia 1997 iliua elki wengi mno, ukame ukafuata, dubu wakaongezeka. Ndama wa elki walipofungwa masikioni vifaa vya redio vya kuwafuatilia kati ya 2003 na 2005, zaidi ya nusu ya waliouawa waliuawa na dubu. Na wawindaji wa Montana, jimbo linalopakana na hifadhi, waliendelea kwa miaka kupewa vibali vya kupiga majike wanaotoka hifadhini wakati wa baridi. Hili watu hulipita haraka, nami sitaki mlipite. Mbwa mwitu huchukua zaidi ndama na mzee aliyechoka. Mwenye bunduki humchukua jike aliye katika umri wa kuzaa, tena ana mimba. Huwezi kuwahesabu sawa.

Mwaka 2018 walihesabiwa zaidi ya 7,000, na jimbo zima la Wyoming, lenye sehemu kubwa ya hifadhi, lina elki zaidi ya 100,000. Basi jibu langu ni hili: wamewapunguza, hawakuwapunguza peke yao, na hawajawamaliza. Tuendelee.

Sasa mifugo. Mfugaji wa kule anapomkuta ndama amekufa malishoni, humwita mkaguzi. Nataka muione kazi ya mkaguzi huyu, kwa sababu ugomvi wote umelala pale. Anapiga magoti, anauchuna mzoga taratibu, shingo, kwapa, nyuma ya mapaja. Alama za meno juu ya ngozi hazimtoshi, maana hata mzoga huliwa. Anatafuta damu iliyovilia chini ya ngozi, nyama iliyopondeka ikawa nyeusi kama ini. Moyo ukishasimama, jeraha halivilii damu. Kwa hiyo akiiona hiyo, anajua ndama aling'atwa akiwa hai. Anapima nafasi kati ya matundu ya meno, anatazama nyayo, anaandika: imethibitishwa. Asipoiona, anaandika kwamba haijulikani, na mara nyingi malipo yanaishia hapo.

Ni kazi ya haki. Lakini inahitaji mzoga, tena wenye ngozi. Je, mzoga usipopatikana?

Mwaka fulani simba alimuua mtamba wa baba yangu, bondeni, mbali na boma. Mzee alituma habari asubuhi ileile. Afisa alifika siku ya tatu. Fisi walikuwa wameshapita, tumbusi wakamalizia. Nilikuwepo: palibaki kwato mbili, mfupa wa nyonga, na majani yaliyolaliwa. Afisa hakuwa mtu mbaya. Alivua kofia, akampa mzee pole, kisha akaandika alichoona, na alichoona hakikuwa simba. Mara ya pili ilipotokea, baba alikata miiba akaufunika mzoga, akalala kando yake usiku mbili akiwa na tochi na rungu, mzee wa miaka sitini na kitu, akimlinda ng'ombe aliyekwisha kufa. Ushahidi ulimtaka ahatarishe roho yake.

Nilipokuja kusoma utafiti uliofanywa karibu na mji wa Salmon, Idaho, ukachapishwa 2003, nilimkumbuka mzee. Walifunga ndama vifaa vya redio katika malisho ya milimani, yenye misitu na makorongo. Wakakadiria kwamba kwa kila ndama mmoja aliyeonekana ameuawa na mbwa mwitu, huenda wengine hadi wanane hawakuonekana kabisa.

Najua mtaniambia: mwalimu, Montana ina ng'ombe zaidi ya milioni mbili, na wanaothibitishwa kuuawa kwa mwaka ni makumi tu, kelele za nini? Namba ni kweli, ila ng'ombe hao milioni mbili hawana mwenyewe mmoja. Agosti 2009, karibu na Dillon, familia moja ilipoteza kondoo madume wapatao 120 kwa shambulio moja. Kwa jimbo zima hilo ni tone. Kwa familia ile ilikuwa miaka ya kuchagua mbegu, na jirani yake huenda hakupoteza hata mmoja. Wastani haujawahi kulala njaa.

Tena kuna hasara isiyoacha mzoga. Utafiti wa 2014 katika mashamba ya magharibi mwa Montana uliona kwamba pale ambapo mbwa mwitu wameshaua, ndama waliobaki hai huuzwa wakiwa pungufu kwa kilo kama 10 kila mmoja. Pale wanapopita tu bila kuua, uzito hauguswi. Hilo nalisema kwa wale wanaotaka kila mbwa mwitu apigwe risasi: tatizo lina mahali pake, lifuateni palepale.

Wyoming wamelielewa la mzoga: kwa ndama mmoja aliyethibitishwa, mfugaji anaweza kulipwa hadi mara saba, kufidia wasioonekana. Colorado nako, wapiga kura walipitisha kurudisha mbwa mwitu Novemba 2020 kwa chini ya asilimia 51, kura nyingi za ndiyo zikiwa za mijini. Wanyama 10 wakaletwa kutoka Oregon Desemba 2023. Sheria inaruhusu mfugaji alipwe hadi dola 15,000 kwa mfugo mmoja aliyeuawa, na sikatai, aliyepiga kura alipe. Sisi sheria yetu haisemi hata fidia. Inasema kifuta jasho na kifuta machozi. Maafisa mliopo humu, kabla ya kubishana juu ya kiasi, niambieni afisa atafika siku ya ngapi.

Nilitaka kugusa mito na mierebi, miti ya kando ya maji ambayo elki huila, ile habari kwamba mbwa mwitu wamegeuza mikondo ya maji. Imetiwa chumvi, mierebi imepona mahali pengine na pengine haijapona. Mwenyekiti ananionyesha saa, nitaiacha. Kuna kijana pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja Dillon. Karibu, mwanangu, uliza.