Mtoto wa Mheshimiwa Katekwa: Nani Aulizwe Kwanza?

Asalaam aleikum, hamjambo nyote. Wa nyuma sogeeni mbele, feni iko huku. Nimeombwa nizungumzie riwaya ya upelelezi, na kwa kuwa mwaka wa tatu huu nahangaika na muswada wangu mmoja, mtaniwia radhi nikiusema huo huo. Kisa chake: mtoto wa mwanasiasa, miaka minane, katoka shule Kizingo, hapa Mombasa, saa tisa unusu, nyumbani hakufika. Usiku simu inalia. Shilingi milioni 20.

Hadithi ya utekaji haiendi kama ya mauaji. Penye maiti, mpelelezi ana nafasi ya kunywa kahawa. Mtoto aliyetekwa bado yu hai, na saa inakwenda. Isitoshe, baba mtu ni mheshimiwa. Ukimuuliza kama ana maadui atakutajia wale wa kwenye mabango ya uchaguzi. Kiwanja alichouza mara mbili hakitaji, wala nyumba ya Mtwapa ambayo mkewe haijui. Anataka mwanawe arudi, lakini siri zibaki pale pale. Mpelelezi ana kazi mbili, na ya pili hakutumwa na mtu.

Kilichonishinda mimi kwanza kilikuwa pesa. Nilimfanya mtekaji adai alipwe kwa M-Pesa, nikajiona mtu wa kisasa. Nikampa binti mmoja mwenye kibanda cha M-Pesa asome. Alicheka mpaka wateja wakageuka. "Mwalimu, huyu mtekaji wako ana laini ngapi?" Muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000, na laini ikifika 500,000 imejaa. Milioni 20 basi ni miamala 80 na laini 40, na kila laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu. Nikarudi kwenye noti. Za elfu moja moja, ni noti 20,000, yaani mabunda 200 ya noti mia. Nilikata magazeti kwa kipimo cha noti, nikayapanga mezani, mke wangu ananitazama tu. Mkoba wa begani haukutosha, likawa gunia. Na gunia hapa kwetu halitembei peke yake. Lina hamali, lina mkokoteni, na pale sokoni Marikiti halikosi mtu wa kuuliza limebeba nini.

Njia nayo. Sisi tuko kisiwani: unatoka kwa Nyali, kwa Makupa, au kwa feri ya Likoni. Naam, mzee? Kweli, na Kipevu. Ahsante. Ndiyo maana nazungumza kabla ya kuchapisha. Wageni wakiandika Mombasa hupenda magari yakimbizane darajani Nyali jioni. Hao hawajakaa kwenye foleni ile. Mtekaji mwenye akili hatoki kisiwani. Anamficha mtoto mitaa mitatu tu kutoka shuleni, na polisi wako Makupa wanafungua mabuti ya magari.

Sasa nije kwenye linaloniudhi. Kikulacho ki nguoni mwako: methali hii imetuharibia riwaya nyingi. Mwaka huu vijana wameniletea miswada sita ya utekaji. Katika minne, yaya ndiye aliyeuza ratiba ya mtoto. Katika mmoja ni dereva. Mbona humo nguoni hayumo ami? Hayumo wakili wa familia, aliyekula Idi mezani pale? Tumezoea kwamba anayelipwa kidogo ndiye anayenunulika, na mwandishi akishaamini hivyo, mpelelezi wake hana haja ya kufikiri.

Msidhani ni mambo ya vitabuni tu. Tarehe 1 Machi 1932, huko New Jersey, Marekani, mtoto wa rubani mashuhuri Charles Lindbergh aliibwa kitandani mwake, ana miezi 20. Babu yake mzaa mama, aliyefariki miezi mitano kabla, alikuwa seneta. Katika nyumba ya seneta huyo alikuwako mtumishi, msichana wa Kiingereza. Polisi walimhoji, wakarudi wakamhoji tena, kwa sababu maelezo yake ya usiku ule yalikuwa yakibadilika. Juni mwaka huo huo, aliposikia wanamjia tena, alikunywa sumu. Baadaye ikajulikana kwamba usiku ule alikuwa ametoka na rafiki zake, basi. Na mtoto alikuwa ameshapatikana mwezi wa Mei, amekufa, baada ya baba kulipa dola 50,000.

Aliyempata mtuhumiwa ni nani? Muuza petroli. Septemba 1934, mteja alimlipa kwa noti ya dola 10 ya aina ambayo serikali ilikuwa inaiondoa. Akahofu benki isije ikaikataa, akaandika namba ya gari pembeni mwa noti. Noti ilikuwa mojawapo ya zile za fidia. Miaka miwili na nusu ya upelelezi, na kilichofungua ni mtu wa kituo cha petroli anayeogopa kupata hasara ya dola 10.

Hapo ndipo humkumbuka Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyetupa mpelelezi wa riwaya zake, Bwana Msa, na kiko chake. Riwaya yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957-58. Kabla ya kuwa mhariri wa magazeti, bwana huyu alifanya kazi ya ukaguzi katika idara ya afya. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko tuzo. Bwana afya hakai sebuleni akapewa sharubati na kusimuliwa. Anafunua mtungi, anachungulia jikoni.

Mimi sikuchungulia. Muswada ulipofika kurasa 200 nilimsomea mama yangu, ana miaka themanini na ushei. Alisikiliza habari za viwanja, za gunia, za feri. Kisha akasema, "Mwanangu, na huyo mtoto siku zote hizo kala nini?"

Sikuwa na jibu. Siku nne mtoto kafungiwa chumbani, na baba hakuuliza, mpelelezi hakuuliza, wala mimi niliyemfungia.

Basi nimeanza upya. Mpelelezi wangu sasa ni mwanamke, na kwa mheshimiwa haendi mpaka siku ya pili. Wa kwanza kuketi naye ni yaya, na hamuulizi alikuwa wapi saa tisa unusu. Anamuuliza mtoto hupenda kula nini, na nini hakimshuki. Kisha anashika mitaa kwa miguu, jioni, makarai yanapokuwa motoni, hadi kwa mama mmoja wa viazi karai. Mama huyo anageuza viazi, hainui macho. Anasema iko mtu hapa, mteja wake wa miaka, kila siku kifurushi kimoja, na pilipili humwambia mimina usiogope. Tangu juzi anachukua viwili.

"Cha pili," asema, akifunga gazeti, "anataka nisitie pilipili hata tone."