Huyu mama anaitwa Auguste

Ahsanteni, karibuni, hata waliosimama mlangoni sogeeni mbele viti vipo. Sitaeleza sana Anne Frank ni nani, yule binti wa Kiyahudi aliyeandika shajara akiwa amejificha Wanazi kule Amsterdam, mmeisoma, mi nimekuja kwa ajili ya mtu mmoja tu, yule Bi van Daan wa kwenye shajara, aliyejificha nyumba moja na kina Frank, ambaye kila mtu akimtaja anasema ah yule mkorofi. Tena hata jina lake hatumpi jamani, van Daan ni jina la kutungwa na Anne, mwenyewe anaitwa Auguste van Pels, wa karibu yake walimwita Gusti, kazaliwa Ujerumani mwaka 1900, akaingia mafichoni kwenye ile nyumba ya Amsterdam, mtaa wa Prinsengracht namba 263, tarehe 13 Julai 1942 na mume wake na mtoto wao Peter, wiki moja baada ya kina Frank.

Sasa nikimtetea tu, lazima mtu aniletee habari ya koti. Haya twende kwenye koti. Ilikuwa Oktoba 1943, hela imewaishia, mume anauza koti la mke wake, manyoya ya sungura, kalivaa miaka 17. Wakapata gulden 325, hela ya Uholanzi hiyo, nyingi kwa wakati ule. Mama anataka hela iwekwe anunue nguo vita ikiisha, mume anasema hii ni ya matumizi, ugomvi nyumba nzima inasikia, na sisi tunasoma tunasema mwanamke gani huyu watu wanakufa yeye anawaza nguo.

Nani hapa mama yake hana sanduku la vitenge? Wa kwangu alikuwa nalo, chini ya kitanda, wax zile nzuri kabisa hajazishonesha hata moja, anazitoa anazikunjua anazinusa anazirudisha. Mwaka ambao baba alipunguzwa kazini zikauzwa nne kwa mkupuo. Mama alilia siku nzima na sisi watoto tukasema mama naye, kwani si nguo tu, unga umenunuliwa analilia nini. Nimekuja kuelewa nina watoto watatu. Zile hazikuwa nguo, ile ilikuwa siku anayoingoja, harusi ya mtu, safari ya kwenda kwao, siku atakayotoka mlangoni amependeza. Auguste akisema nguo za baada ya vita anasema baada ya vita mimi nitakuwepo, nitatembea barabarani! Kwa Myahudi wa Amsterdam mwaka 1943 hiyo siyo tamaa ya nguo.

Na kitu kingine hamkisemi, chumba. Waliokaa nyumba za kupanga Manzese au Buguruni mtanielewa haraka, familia sita choo kimoja, lakini hata pale usiku unafunga mlango wako. Auguste hakuwa na mlango. Chumba chake na mume wake ndo kilikuwa jiko, ndo meza ya kulia, ndo sebule ya watu wote wanane, asubuhi anakunja kitanda wanaingia, usiku wakishatoka ndo analala. Miaka miwili na zaidi. Mchana msikanyage kwa nguvu, maji ya choo msivute, wafanyakazi wa ghala wako chini. Halafu ndo apimwe tabia humo?

Najua mtasema Anne alikuwa mtoto, aliandika alichokiona. Sawa, simlaumu Anne, tena Anne ametuzidi, Januari 1944 ameandika mwenyewe kwamba makosa mengine yalikuwa ya upande wao siyo ya kina van Daan peke yao. Ana miaka 14 ameliona hilo, sisi watu wazima tunabaki na kurasa za mwanzo! Mama yake Anne na yule daktari wa meno aliyejificha nao nilitaka kuwagusa ila naona naonyeshwa saa, basi niwaache, nimalizie uzio.

Walishakamatwa wote, sasa wako Bergen-Belsen, kambi ya mateso ya Wanazi kule Ujerumani, mwanzoni mwa 1945. Hanneli Goslar, rafiki wa Anne toka utotoni, yuko upande wa pili wa uzio uliojazwa majani makavu, hawaonani, anaita kwa kunong'ona usiku na walinzi wana bunduki. Anayemjibu ni Auguste. Mume wake keshauawa kwenye kambi nyingine, Auschwitz, yeye mwenyewe ana njaa, na anamwambia Hanneli kwamba Margot, dada yake Anne, ni mgonjwa hawezi kuja, ngoja nikuitie Anne. Akaenda akamleta. Hanneli alinusurika, ndiye aliyesimulia. Yaani marafiki wawili kusikia sauti zao tena ni kwa sababu yule mkorofi alikwenda kumwita mtoto aliyekuwa anamwandika vibaya.

Februari Wanazi wakamhamisha Auguste, Aprili wakamsafirisha tena kwenda kambi ya Theresienstadt na akafia njiani, kaburi hakuna. Dada wa pale nyuma umenyoosha mkono muda mrefu, sema, ila ukimtaja mtaje Auguste.