Faili la Kuasili Mtoto Huvunjikia Kijijini

Ndugu maafisa wa ustawi wa jamii, wakuu wa makao ya watoto, mawakili, na ninyi wazazi mnaotaka kuasili, habari za asubuhi.

Wengi mmekuja kusikia habari za Mahakama Kuu. Nitafika huko, ila sitakaa sana, maana faili la mgeni anayeasili mtoto wa Uganda mara nyingi limeshavunjika kabla jaji hajalifungua. Limevunjikia kwenye barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na kwenye alama ya dole gumba ya mama ambaye hakuelezwa anakubali nini.

Sheria ya Watoto ilirekebishwa mwaka 2016. Asiye raia sharti awe amekaa Uganda angalau mwaka 1, na awe amemlea mtoto huyo angalau mwaka 1 chini ya uangalizi wa afisa ustawi. Asiwe na rekodi ya uhalifu. Alete pendekezo la mamlaka ya kwao kwamba anafaa, na aithibitishie mahakama kwamba nchi yake itaitambua amri ya kuasili. Awe na miaka 25 au zaidi, na amzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 21. Mahakama inaweza kulegeza sharti la ukaaji au la malezi kwa sababu za kipekee, lakini nawasihi mtu asikate tiketi ya ndege kwa kutegemea hilo. Ile njia ya zamani, ya mgeni kupewa amri ya ulezi wa kisheria hapa akaenda kumwasili mtoto kwao, ilifungwa. Ulezi huo sasa ni wa raia peke yao.

Sheria hiyohiyo inasema kumpeleka mtoto nje ni njia ya mwisho. Kwanza familia yake isaidiwe kumtunza, kisha watafutwe ndugu, kisha walezi wa humu nchini. Kwa hiyo ripoti ya afisa inayosema "ndugu hawakupatikana" bila kueleza walitafutwa wapi haina uzito. Iandike ni kijiji gani, tarehe gani, nani aliulizwa, akajibu nini. Na msiishie upande wa mama. Kwa jamii zetu nyingi mtoto ni wa ukoo wa baba, hata kama baba mwenyewe hajulikani alipo. Mtafuteni senga, yaani dada wa baba. Senga asiyeulizwa leo ndiye atakayesimama mahakamani kesho kupinga, na atakuwa na haki.

Ridhaa ya mzazi ndiyo inayoniumiza zaidi. Agosti 2020 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda, wakili mmoja na mumewe, ikiwahusisha na mpango ambao wazazi vijijini waliahidiwa kwamba watoto wao wanapelekwa Kampala kusomeshwa. Mzazi huyo alidhani mtoto atarudi likizo. Basi mwelezeni kwa lugha anayoielewa, Lusoga au Kiacholi au yoyote ile, kwamba baada ya amri yeye si mzazi tena mbele ya sheria, na kwamba hadai chochote wala halipwi chochote. Mpeni siku za kufikiri, mrudieni, mumuulize upya bila mwombaji kuwapo. Kama hajui kusoma, hati ya kiapo lazima ioneshe kwamba alisomewa na kufafanuliwa, pamoja na jina na anwani ya aliyeiandika. Bila maneno hayo wakili wa upande wa pili ataiangusha hati mara moja. Mtoto wa miaka 14 na zaidi huombwa ridhaa yake mwenyewe.

Sasa karatasi. Mtoto aliyetupwa anahitaji taarifa ya polisi yenye namba ya kitabu cha matukio, barua ya LC1 na amri ya matunzo kutoka Mahakama ya Familia na Watoto. Msitazame tu kama amri ipo, tazameni kama muda wake haujaisha. Yatima anahitaji cheti cha kifo, na hapa watu hukwama, kwa kuwa mzazi alizikwa kijijini na kifo hakikusajiliwa NIRA, mamlaka ya taifa ya vitambulisho na usajili. Kisajilini mapema. Halafu majina: barua inasema Nakato, cheti cha kuzaliwa kinasema Nnakato, hospitali iliandika jina la ubatizo tu. Mtu wa pasipoti hatajua kwamba hao watatu ni mtoto mmoja. Rekebisheni kwa hati ya kiapo kabla ombi halijapelekwa mahakamani.

Amri ikitoka, isajiliwe NIRA, kisha iombwe pasipoti. Hayo yana utaratibu wake na hayasumbui kama karatasi za nyuma ni safi.

Linalosumbua ni viza. Uganda haimo katika Mkataba wa Hague wa 1993 kuhusu kuasili watoto kati ya nchi na nchi, hivyo kila nchi inapima kwa sheria yake. Marekani inataka mtoto awe yatima kwa maana ya sheria yao: amepoteza wazazi wote wawili, au mzazi pekee aliyebaki hana uwezo wa kumtunza na amemwachia kwa maandishi yasiyorudishwa nyuma. Kwa kawaida ombi huko liwasilishwe kabla hajatimiza miaka 16. Mtoto mwenye baba na mama hai, ambaye hakuachwa wala kutengwa nao, anaweza kuwa na amri halali ya Mahakama Kuu mkononi na bado akanyimwa viza. Kwa hiyo ubalozi uulizwe kabla ya mwaka wa malezi kuanza, mtoto akiwa bado hajamwita mtu mama.