Pesa za Korona: Nani Alikuwa kwenye Orodha?

MWANAKOMBO: Assalaam aleikum, wasikilizaji. Mimi Mwanakombo, niko na Salim, tuko Mombasa kama kawaida. Feni inapiga kelele, mtatuwia radhi, kuizima hatuwezi. Tulikuwa tukibishana hapo nje juu ya misaada ya serikali wakati wa korona, nikamwambia Salim nyamaza, maneno hayo tuyaweke kwenye maikrofoni.

SALIM: Ubishi ulianza na karatasi ya mshahara. Nilikuwa nahama nyumba, nikaiona ya Aprili 2020. Nikakumbuka ile furaha! Tarehe 25 Machi Rais Kenyatta alitangaza kwamba anayelipwa mpaka shilingi 24,000 kwa mwezi hakatwi tena kodi ya mapato.

MWANAKOMBO: Kwani wewe ulikuwa ukipata 24,000?

SALIM: Hilo tuliache.

MWANAKOMBO: Haya, tuliache. Lakini hesabu nimeipiga jana usiku. Mtu wa 24,000 alikuwa akikatwa 1,500 na kitu. Zikabaki mfukoni, alhamdulillahi. Sasa chukua bosi wa 300,000. Yeye kiwango cha juu kilishushwa kutoka asilimia 30 hadi 25, na zile ngazi za chini zikapanuliwa. Akabakiwa na zaidi ya 16,000 kila mwezi.

SALIM: Bosi naye ana watu nyuma yake wanaomtegemea.

MWANAKOMBO: Simnyimi. Nasema tu, mwenye mshahara mkubwa alipata kikubwa, mwenye mdogo akapata kidogo, na yule asiye na karatasi ya mshahara? Muuza madafu, fundi wa jua kali, kijana wa bodaboda? Hakukatwa kitu, basi hakurudishiwa kitu.

SALIM: Ilishushwa VAT pia, ile kodi inayotozwa ndani ya bei ya bidhaa, kutoka asilimia 16 hadi 14, kuanzia tarehe 1 Aprili. Ile inamgusa kila mnunuzi.

MWANAKOMBO: Unga wa mahindi haukuwa ukitozwa VAT tangu hapo. Maskini pesa yake inaishia kwenye unga, Salim.

SALIM: Hapo umenipata. Na wenye biashara ndogo ushuru wa mauzo ulishuka kutoka asilimia 3 hadi 1, ila 1 ya nini kama mauzo yenyewe hayapo? Kafyu ilianza tarehe 27 Machi, saa moja jioni kila mtu ndani. Wauza mishikaki na viazi karai, saa moja ndio kwanza wanafungua!

MWANAKOMBO: Na Ramadhani iliingia humo humo, mwishoni mwa Aprili. Watu wanafuturu, na papo hapo kafyu. Wa kununua kaimati atatoka saa ngapi?

SALIM: Ndio namkumbuka shangazi yangu. Yeye yuko Mathare, Nairobi, miaka mingi, na kazi yake ni hiyo hiyo ya karai jioni. Tarehe 6 Aprili Nairobi ikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia, hata kuja kwetu hawezi. Akasikia serikali inatuma 1,000 kila wiki kwa M-Pesa kwa familia za mitaa ya mabanda. Akaandikishwa. Jina, kitambulisho, namba ya simu.

MWANAKOMBO: Zikaja?

SALIM: Jirani alipata. Shangazi hakupata. Kumbe laini anayotumia imesajiliwa kwa jina la mtoto wa ndugu yake, Bakari, ndiye aliyemnunulia simu. Hivyo ndivyo alivyoambiwa na aliyekuwa akiandika majina. Kama ni kweli ama ni kisingizio, Mungu ajua.

MWANAKOMBO: Hakuwa peke yake. Human Rights Watch, lile shirika la kutetea haki za binadamu, walitoa ripoti Julai 2021 juu ya mpango ule, wakasema familia zilizofikiwa Nairobi ni sehemu ndogo sana ya waliohitaji, na kulikuwa na upendeleo katika kuchagua. Ndio hoja yangu tangu kule nje: pesa ilikuwepo, orodha ndiyo iliyokuwa mbovu. Anayeshika kalamu mtaani ana shemeji, ana rafiki.

SALIM: Ungefanyaje, ukiwa wewe? Ugonjwa unaenea, huna wiki mbili za kuhesabu watu.

MWANAKOMBO: Ningeanza na lile ambalo halikuhitaji orodha. Wakumbuka Machi ile ile, Benki Kuu ilivyoondoa ada ya kutuma pesa kwa simu mpaka 1,000? Hakuna kujiandikisha, hakuna mzee wa mtaa. Una simu, umefaidika.

SALIM: Hata kama laini ni ya Bakari.

MWANAKOMBO: Hata kama laini ni ya Bakari! Nilikuwa nikimtumia mama 3,000 kwa mafungu matatu, elfu elfu. Anapiga simu: "Mbona unanitumia kama unanidonolea?"

SALIM: Kutoa kwa wakala lakini ulilipa.

MWANAKOMBO: Nililipa. Na ilikwisha Desemba 2020, ikabaki bure ya mpaka 100 tu. Mwaka mpya ulipoingia VAT ikarudi 16, bosi wako akarudi asilimia 30. Yule wa 24,000 aliachiwa unafuu wake, hapo nawapa heko.

SALIM: Usiisahau Kazi Mtaani, ule mpango wa serikali wa kuwapa vijana vibarua. Awamu ya pili, Julai, vijana zaidi ya 283,000, shilingi 455 kwa siku, siku 11 kwa mwezi. Kufagia, kuzibua mitaro.

MWANAKOMBO: Elfu tano na shilingi tano kwa mwezi. Si nyingi, lakini niliona chumba kikilipiwa kodi kwa pesa hiyo. Mimi Kazi Mtaani naipenda kuliko ule mkopo wa dhamana ya serikali uliokuja Desemba, bilioni tatu kupitia mabenki. Mwenye karai aingie benki na nini?

SALIM: Na mabenki yalisogeza tarehe za kulipa mikopo, watu wakadhani wamesamehewa.

MWANAKOMBO: Riba iliendelea kuhesabiwa. Wengine walikuja kushtuka 2021.

SALIM: Msikilizaji, kama nawe bado unatumia laini isiyo ya jina lako, nenda dukani na kitambulisho chako, uulize namna ya kuibadilisha.

MWANAKOMBO: Shangazi yako amebadilisha?

SALIM: Nilimpigia jana kumuuliza.

MWANAKOMBO: Akasemaje?

SALIM: Alipokea Bakari.