Jinsi ya Kumchora Mbwa Aliyeketi: Mkao Kwanza, Sura Baadaye

Karibu mtazamaji. Leo tunamchora mbwa aliyeketi, tukimwona kwa ubavu, uso ameuelekeza kushoto. Nimemchagua mbwa wetu wa kienyeji: manyoya mafupi, kiuno chembamba, masikio wima, mkia uliojikunja. Mbwa wa umbo hili wamechorwa tangu zamani. Wamo kwenye michoro ya makaburi ya Misri ya kale, wengine wameketi chini ya kiti cha bwana wao. Kwa anayejifunza ni mbwa bora kabisa, maana manyoya yake hayafichi mifupa. Ukianza na mbwa wa manyoya marefu utaishia kuchora nywele tu.

Andaa karatasi ya A4, rula, kichongeo, kifutio na penseli mbili: HB na 4B. HB ndiyo ya kupimia na kukadiria. 4B ni laini na nyeusi zaidi, iweke kando mpaka tufike kwenye vivuli.

Nina ombi moja kabla hujaanza: usiguse macho kwanza. Najua uso ndio unaovutia, lakini sura nzuri juu ya mwili ambao haujaketi haimsaidii mbwa wako. Tumkalishe kwanza.

Simamisha karatasi kwa urefu. Piga mstari wa ardhi, sentimita 5 kutoka ukingo wa chini. Halafu, kushoto kidogo mwa katikati, pandisha mstari wima wa sentimita 16 kutoka ardhini. Bonyeza kidogo sana, tutaifuta yote hii. Kwenye mstari huo wima weka alama mbili: moja sentimita 5 na nusu kutoka chini, nyingine sentimita 12. Juu ya alama ya pili chora duara. Hicho ni kichwa. Chini yake, ukiishia kwenye alama ya kwanza, chora yai kubwa lililosimama. Hicho ni kifua. Acha nafasi ndogo kati yao kwa ajili ya shingo.

Sasa mgongo. Anzia nyuma ya kichwa, pita juu ya kifua, teremka kwa mshazari kuelekea kulia mpaka karibu na ardhi, kama sentimita 8 kutoka mstari wa wima. Usiushushe moja kwa moja. Upinde kidogo kwa nje pale unapokaribia makalio. Mshazari huu ndio unaomwambia mtazamaji kwamba mbwa ameketi, kwa hiyo ukiona hauko sawa, ufute na uurudie sasa hivi.

Hapa kwenye mguu wa nyuma tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo michoro mingi inapoharibika. Mtazame mbwa anapotembea. Anakanyaga kwa vidole, na kisigino chake kiko juu, nyuma ya mguu, pale ambapo watu wengi hudhani ni goti lililopinda kinyume. Goti lenyewe liko mbele, karibu na tumbo. Akiketi, kisigino kinashuka mpaka ardhini na wayo wote unalala chini, mrefu, ukielekea mbele.

Tufuate hivyo hivyo. Chora yai la pili, la paja, lililolala mshazari: ncha ya nyuma iko chini kwenye makalio, ncha ya mbele imeinuka kuelekea kiwiko cha mguu wa mbele. Ncha hiyo ya mbele ni goti. Kutoka kwenye goti, mguu unarudi nyuma na kushuka hadi kisigino, chini ya makalio. Sehemu hiyo imekunjwa, kwa hiyo onyesha mkunjo mmoja tu. Kutoka kisiginoni, lete wayo mbele juu ya mstari wa ardhi mpaka vidole vifike chini ya goti. Simamisha video hapa, ulinganishe mchoro wako na wangu.

Miguu ya mbele ni rahisi. Teremsha mistari miwili kutoka chini ya kifua, ikiwa wima. Iache ipungue unene kuanzia kwenye kiwiko, kisha ipanuke kwenye wayo. Vidole vinavyogusa ardhi ni vinne, na viwili vya katikati vimetangulia. Mguu wa upande wa pili uonekane kidogo tu, mbele ya huu. Mkia uanzie mwisho wa mgongo, ujikunje juu.

Sasa unaweza kwenda kwenye uso. Toa mdomo upande wa kushoto wa duara, urefu wake upungue kidogo kuliko upana wa duara. Weka pua kwenye ncha. Tundu lake lina mkato unaopinda kuelekea nyuma, na mkato huo mdogo ndio unaoifanya iwe pua ya mbwa kweli. Kwa ubavu, jicho halionekani duara, linakaribia pembetatu. Liweke juu kidogo ya pale mdomo unapoungana na kichwa. Acha nukta nyeupe ndani yake. Sikio ni pembetatu pana, na shina lake liko nyuma ya duara.

Futa mistari yote ya kukadiria, kisha chukua 4B. Tuseme mwanga unatoka juu kushoto. Basi vivuli vikolee chini ya taya, nyuma ya kiwiko, kwenye mkunjo wa goti na chini ya tumbo. Michirizi ya manyoya iwe mifupi na ifuate uelekeo wake: puani yanarudi nyuma, kifuani yanashuka, pajani yanashuka na kurudi nyuma. Kifua na vidole usivijaze, weupe wa karatasi unatosha.

Malizia na kivuli cha ardhini. Kianzie pale pale wayo na makalio yanapogusa chini, kikiwa cheusi kabisa, kisha kififie kuelekea kulia. Kikiachana na mwili hata kidogo, mbwa ataonekana anaelea.

Mchoro huu ukishakaa sawa, chukua karatasi nyingine umchore akitazama kulia.