Kila Mzee na Daftari Lake

Mhadhara kwa wanafunzi wa kozi ya utunzaji wa wazee, Lubumbashi

Bamama, bapapa, vijana wote, jambo yenu.

Nimeombwa niseme juu ya kumtunza mzee kwa namna inayomfaa yeye mwenyewe. Nitaanza na neno litakalowaudhi wengine: kozi nyingi zinafundisha mikono tu. Mwanafunzi anatoka akijua kupima tansheni, yaani shinikizo la damu, kumgeuza mgonjwa kila saa mbili asipate vidonda vya kitandani, kubadilisha shuka mtu akiwa juu yake. Ni kazi za lazima na mtazifanya. Lakini mpe mwanafunzi huyo wazee wawili, mmoja wa mtaa wa Katuba, mwingine wa mtaa wa Kampemba, na baada ya mwezi mmoja uombe madaftari yake. Ukikuta yanafanana, tansheni, joto, amekula, amejisaidia, amelala, mimi nasema huyo bado hajaanza kazi. Ametunza miili miwili. Wenye miili hiyo hajawajua.

Katiba yetu ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 49, inampa mtu wa umri mkubwa haki ya kulindwa kwa hatua maalumu, kulingana na mahitaji yake ya kimwili, kiakili na kimaadili. Sheria basi imekwisha kuona kwamba shuka safi peke yake haitoshi. Habari ya pesa za kuitekeleza tuiache, tusije tukalala hapa.

Sasa, wazee wenyewe ni akina nani? Wazee wa mji huu hawakuishi maisha ya wazee wa Kinshasa au wa Bukavu. Wengi walizaliwa au walikulia katika kambi za kampuni. Union Minière, kampuni ya shaba, iliundwa mwaka 1906, ikaanza kuyeyusha shaba hapa Lubumbashi mwaka 1911, na kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 ikaona afadhali mfanyakazi akae hapa na mke na watoto kuliko kuja na kurudi kijijini. Ndipo zikaja nyumba, posho, shule, hospitali. Mwaka 1967 serikali ikaichukua, na baadaye tukaizoea kwa jina la Gécamines. Kisha, mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakatoka katika mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Naona papa mmoja pale nyuma anatikisa kichwa kwa hilo neno hiari. Namwelewa. Aliyekuwa na miaka 50 siku ile, leo amepita 70. Ndiye mtakayemkuta sebuleni.

Msipoijua historia hiyo, mtamtibu mtu ugonjwa asio nao. Tuseme kuna papa ambaye usiku halali. Saa nane za usiku ameamka, anatafuta viatu, anataka kutoka. Familia imechoka, mtoto mmoja anakwenda kwenye famasi ya pembeni, anarudi na Valium, dawa ya kutuliza. Dawa hiyo katika mwili wa mzee inakaa muda mrefu kuliko katika mwili wa kijana. Asubuhi bado imo, papa anasimama, anaanguka, na mfupa wa nyonga ukivunjika katika umri ule, wengi hawatembei tena kama zamani. Lakini mtunzaji aliyekaa naye akamuuliza kazi yake angesikia kwamba huyu alifanya posti ya usiku kwenye tanuru miaka mingi ya maisha yake. Saa nane ilikuwa saa ya kazi. Basi mpe chai saa nane. Acha taa ndogo, viatu viwe pale anapovitafuta, mlango wa barabarani ufungwe na wa sebuleni uwe wazi. Aulizwe tanuru ilikuwaje. Asubuhi aachwe alale hadi saa nne. Gharama yake ni sukari.

Hata hivyo msikimbilie historia mkasahau uchunguzi. Huenda papa anaamka kwa sababu ya mkojo, au goti linamuuma, au dawa ya kukojoza ya tansheni anapewa jioni badala ya asubuhi. Uliza yote mawili.

Masikio nayo. Kelele za mashine na uzee wenyewe huanza kwa kuharibu usikivu wa sauti nyembamba. Ndiyo sababu sauti ya binti yake inampotea na ya jirani mwanamume inamfikia. Familia inasema papa ana kiburi, anachagua wa kumsikia. Ukipiga kelele, sauti yako inazidi kuwa nyembamba na uso wako unaonekana umekasirika. Shusha sauti. Kaa mbele yake, kwenye mwanga, aone midomo. Uliza sikio lipi ni zima, andika.

Na jina. Mama mmoja anapenda kuitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, Mama Fulani, kama ilivyo desturi yetu. Jirani yake alimzika mtoto wake mwenyewe wa kwanza, na kila ukimwita hivyo unamfungulia kaburi. Mwingine anataka jina la ubatizo tu. Mnaweza kujua bila kuuliza? Hamwezi.

Katika kuuliza kuna hatari, nami sitaificha. Mji huu una miaka ambayo wazee wengine hawapendi kuitaja: ile ya 1960 hadi 1963, Katanga ilipojitenga; na ile ya 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa majumbani mwao, wengi wakawa wanalala kwenye stesheni ya Likasi wakingoja treni. Mtunzaji anaweza kuwa mtoto wa upande mmoja, mzee akawa wa upande mwingine. Kwa hiyo msiulize kama watu wa sensa. Uliza kazi, uliza chakula, uliza wimbo anaoupenda kanisani. Mengine yatakuja yenyewe, au hayatakuja. Na mzee akikuambia jambo zito, haliandikwi katika daftari ambalo kila binamu akipita analifungua.

Nifike bafuni sasa, maana watunzaji wengi hushindwa hapo. Somo la kuoga ni rahisi kulieleza: maji yajaribiwe kwa kiwiko, funika mwili, fungua sehemu moja, osha, kausha, funika, nenda nyingine. Mwenye upande uliopooza, nguo inaanza upande mgonjwa wakati wa kuvaa, na inatoka kwanza upande mzima wakati wa kuvua. Sawa. Lakini nani aoshe? Katika familia nyingi za hapa mke wa mtoto hawezi kumwosha baba mkwe. Kuna nyumba ambamo hata kula pamoja hawali. Mtoto wa kiume kuona uchi wa mama yake, wengine wanaiona ni laana. Ndiyo maana unakuta papa mwenye watoto saba, tena watoto wanaompenda, ananuka. Hawakumtupa. Kila mmoja amezuiliwa na heshima yake, na hakuna anayethubutu kulisema.

Hapo mtunzaji wa kulipwa, mtu wa nje, anaweza kufanya ambalo damu haiwezi. Lakini asidhani ni kwa wote. Yuko mama anayetaka aoshwe na dada yake tu, hata kama ni mara mbili kwa juma, na siku nyingine kitambaa cha maji yaliyopashwa moto kwenye mbabula, jiko la makaa, kinamtosha. Yuko anayetaka kuoga kabla ya jua kwa sababu maisha yake yote aliwahi misa ya asubuhi. Ukimwogesha saa sita mchana anaona siku imeharibika. Ninyi vijana mna bahati moja: kati ya kambo, yaani babu au bibi, na mjukuu kuna ruhusa ya utani. Kambo mwanamume anamwita mjukuu wa kike mke wake, mjukuu anamjibu, "Na wewe bwana gani huyu hujanunua hata kitenge?" Kicheko kinaficha aibu ya uchi kuliko pazia. Ila subiri mzee mwenyewe aanze. Wapo wasiotaka utani na mtu waliyemlipa, na hiyo ni haki yao.

Nimesikia humu mtu akisema mzee ni mtoto tena. Sikubali. Mtoto hajawahi kuongoza timu ya wafua-shaba, wala kuzika mume, wala kujenga nyumba Ruashi tofali kwa tofali. Mwingereza mmoja wa Chuo Kikuu cha Bradford, Tom Kitwood, aliyefariki mwaka 1998, alikusanya vitendo vidogo vinavyombomoa mtu anayepoteza kumbukumbu: kumfanya mtoto, kumkimbiza kuliko anavyoweza, kuongea juu yake kana kwamba hayupo, kumwita kwa jina la ugonjwa wake. Aliyaona Uingereza, katika nyumba za kutunzia wazee ambazo sisi hapa karibu hatuna. Mimi nayaona kila wiki katika nyumba zenye upendo mwingi. "Papa, fungua mdomo, aaa!" Kisha tonge la bukari, ugali wetu, linasukumwa lingine halijashuka.

Kama mkono wake unaweza kufinyanga tonge, aachiwe. Achukue saa nzima, amwage mchuzi. Aliyepata kiharusi akae wima, tonge liwe dogo na laini, ungoje ameze, uangalie shavuni kama kuna mabaki, na baada ya kula abaki amekaa nusu saa hivi. Na maji msisubiri ayaombe. Kiu ya mzee hupungua kabla mwili haujaacha kuyahitaji.

Sasa sikieni vizuri. Mama aliyekuwa na akili timamu juzi, leo anaongea na watu wasioonekana, hajui yuko wapi. Badiliko la siku moja au mbili ni dharura: inaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo au ya mapafu, kukosa maji, dawa mpya. Senta ya afya siku hiyo hiyo. Mama anayesahau polepole, mwaka baada ya mwaka, huyo ubongo wake unaugua, na njia yake ni nyingine. Yote mawili ni ugonjwa. Lakini mnajua inavyokwenda mitaani: kikongwe ameonekana uani usiku hana nguo, kesho yake neno uchawi limeshazunguka avenyu nzima, na pasta amepigiwa simu kabla ya nesi. Nani atasema kwa uhakika kwamba juzi alikuwa mzima? Aliyeandika. Daftari linalosema "Jumatatu: amehesabu chenji ya makaa bila kukosea, amemkaripia mjukuu kwa jina" linaweza kumwokoa mtu maisha. Daftari linalosema "hali nzuri" halimsaidii.

Shirika la Afya Duniani lina vipimo vyepesi ambavyo tutajifunza. Mzee anatajiwa maneno matatu, baadaye anaulizwa ayarudie. Anasimama kutoka kitini mara tano bila kusukuma kwa mikono. Akishindwa kumaliza kwa sekunde 14, miguu ichunguzwe. Anaulizwa kama amepungua kilo tatu katika miezi mitatu, kama hamu ya kula imepotea, kama moyo umezama. Macho na masikio yanapimwa. Navipenda kwa sababu havihitaji mashine. Ila vinakuonyesha kilichopungua tu. Kilichobaki, na anachotaka kukifanya na hicho kilichobaki, lazima akuambie yeye. Mmoja atataka miguu impeleke sokoni. Mwingine sokoni hataki hata kusikia. Anataka imfikishe chooni peke yake, basi.

Kwa hiyo mazoezi yetu yatakuwa ya ajabu kidogo. Mtalishana bukari, anayelishwa amefungwa macho na haruhusiwi kusema. Mtaziba masikio kwa pamba mkaamrishwa. Mtavalishwa na mtu mwenye haraka. Kisha mtakwenda kwa wazee, na siku ya kwanza hakuna kuosha wala kupima: mtakaa. Wengi mtaona ni kupoteza muda. Familia nayo itauliza huyu kijana analipwa kwa kukaa?

Baada ya mhadhara maswali yalikuwa mengi. Mama mmoja aliuliza: wanatulipa kidogo, wanataka tupike, tufue, tuchote maji, na wajukuu tuwalee, daftari litapata muda gani? Nilimjibu kwamba makubaliano yafanywe siku ya kwanza mbele ya mzee mwenyewe, kazi zitajwe moja moja, na kuchunga wajukuu kama kumo kulipiwe. Daftari ni mistari mitano kwa siku. Anayeandika kurasa tatu anaandika kwa ajili ya mwalimu.

Kijana mmoja akauliza: mzee akikataa kuandikwa? Basi haandikwi. Unayashika kichwani. Lakini yupo mwenzako atakayekupokea jioni, naye hawezi kuanza bila kujua lolote. Mwambie mzee hivyo, kisha umuulize ni mambo gani anakubali mwenzako aambiwe. Akisema ni sikio la kushoto na chai isiyo na maziwa, mwenzako ataambiwa hayo mawili.