Barbados: Kisiwa Kilicholalamikia Wingi wa Watu, Sasa Kinawatafuta

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, nanyi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie idadi ya watu katika nchi ndogo za visiwa vya Karibi. Nchi hizo ni nyingi, na kila moja ina kisa chake, kwa hiyo nimechukua moja tu, Barbados. Takwimu zake ni za zamani na zimetunzwa vizuri. Tena zinaonyesha jambo ambalo vitabu vya demografia, elimu ya idadi ya watu, hulipita mbiombio: mtu akisema "watu wamezidi" au "watu hawatoshi", mara nyingi anasema habari za kazi. Muulize kwanza ni kazi gani, na ni ya nani.

Kisiwa chenyewe kina kilomita za mraba 430 hivi. Urefu wake ni kilomita 34. Mwenye baiskeli nzuri anakimaliza asubuhi moja. Sensa ya 2010 ilihesabu watu 277,821, maana yake zaidi ya watu 640 katika kila kilomita ya mraba. Karibu theluthi yao wanaishi katika parokia moja (ndivyo wanavyoziita wilaya zao), Saint Michael, ulipo mji mkuu wa Bridgetown. Asilimia 92 na ushei ni weusi, wazungu hawafiki asilimia 3, machotara ni asilimia 3 hivi, na wenye asili ya India ni asilimia 1 na kitu. Ukiitazama karatasi hiyo hivihivi utasinzia. Tuone ilijazwa vipi.

Waingereza walipoteremka pale Februari 1627, kwa merikebu iliyoitwa William and John, hawakukuta mtu. Wenyeji wa asili walikuwepo kwa karne nyingi, lakini walikwisha kutoweka. Walowezi walikuwa kama 80, pamoja na watumwa wapatao kumi. Miaka ya mwanzo walilima tumbaku na pamba kwa nguvu za vijana maskini wa Uingereza, Scotland na Ireland, waliofungwa kwa mikataba ya miaka kadhaa. Wengine walisombwa kwa lazima baada ya vita vya Cromwell, jemadari wa Uingereza. Kisha ikaja miwa, miaka ya 1640, na ujuzi wake ukitokea Brazili. Miwa inakula watu. Kufikia miaka ya 1680, Waafrika waliotumikishwa walikuwa zaidi ya mara mbili ya wazungu kisiwani.

Hapa nataka tutulie kidogo. Wanahistoria waliokusanya kumbukumbu za safari za merikebu za watumwa wanakadiria kwamba karibu nusu milioni ya Waafrika waliteremshwa Barbados katika muda wote wa biashara ile. Mwaka 1834, sheria ya kukomesha utumwa ilipoanza kufanya kazi, waliohesabiwa kuwa watumwa walikuwa kama 83,000. Ni kweli kwamba wengi walipitishwa tu, wakauzwa visiwa vingine. Lakini hata ukiwatoa hao, pengo linalobaki ni la kutisha, na limejaa makaburi. Kwa zaidi ya miaka mia moja wenye mashamba waliona ni nafuu kununua mtu mpya kuliko kumtunza aliyepo. Walipogundua, kuelekea mwisho wa karne ya 18, kwamba bei inapanda na biashara huenda ikapigwa marufuku, ndipo walipoanza kujali kama wanawake wanazaa na watoto wanapona. Barbados ikawa karibu peke yake miongoni mwa visiwa vya sukari vya Waingereza ambako idadi ya watumwa iliongezeka kwa kuzaliana.

Sasa sikilizeni kisa cha sensa iliyowasha moto. Biashara ya utumwa ilikatazwa mwaka 1807, lakini London walishuku kwamba watu bado wanaingizwa kwa magendo. Mwaka 1815 ikapendekezwa kuwa kila mtumwa aandikishwe kwenye daftari. Baraza la wenye mashamba Barbados likapiga kelele: huko ni kuingiliwa katika mali yao. Kelele zile zilisikika jikoni na mashambani. Wale waliokuwa wakipakua chakula mezani wakaunganisha maneno, wakafahamu kwamba kuna jambo la kheri kwao limetoka Uingereza na mabwana wanalizuia. Usiku wa Jumapili ya Pasaka, tarehe 14 Aprili 1816, mashamba ya miwa yakawaka. Aliyekumbukwa kama kiongozi ni Bussa, ambaye leo ni shujaa wa taifa. Uasi ulizimwa kwa siku chache na mamia wakauawa, wengi wao wakinyongwa baadaye.

Mwaka uliofuata, 1817, daftari lilifunguliwa hivyohivyo. Limebaki hadi leo: jina, jinsia, umri, rangi, mahali alikozaliwa, na jina la anayemmiliki. Kwa mwanademografia ni hazina. Linatuambia kwamba zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wamezaliwa palepale Barbados, jambo lisilo la kawaida kwa visiwa vya wakati ule. Mimi kila nikizitazama takwimu hizo nakumbuka kwamba safu ya mwisho ya jedwali ni ya mwenye mali. Wazao wa watumwa hao wanaotafuta majina ya mababu leo hawana njia nyingine ila kupitia safu hiyo.

Uhuru kamili wa watumwa ulikuja 1838. Trinidad na Guyana zilikuwa na ardhi tele na njaa ya vibarua, kwa hiyo mawakala wao walifika Bridgetown kuchukua watu kwa mshahara bora. Mnadhani wenye mashamba wa Barbados walifanya nini? Walitunga sheria za kuwabana mawakala na kuzuia watu wasiondoke. Wakati huo hakuna aliyesema kisiwa kimejaa. Na ardhi karibu yote ilikuwa mikononi mwao, kwa hiyo aliyetaka pa kulaza mbavu ilimbidi aishi kwenye kiwanja cha shamba na kulifanyia kazi. Ndiyo asili ya zile nyumba ndogo za mbao za Barbados, zilizoegeshwa tu juu ya mawe: ukifukuzwa, unaibomoa nyumba yako na kuipakia kwenye mkokoteni. Kwa kuwa vibarua walipatikana kwa urahisi namna hiyo, Barbados haikuagiza manamba kutoka India kama walivyofanya majirani. Guyana na Trinidad leo ni nchi za makabila mawili makubwa na siasa zake, Barbados sivyo. Tofauti hiyo yote imetokana na nani alikuwa amekaba ardhi mwaka 1838.

Wahindi wachache waliopo walikuja baadaye kwa njia nyingine, mwanzoni mwa karne ya 20, wakichuuza vitambaa kwa mkopo nyumba kwa nyumba. Wengi wao ni Waislamu wa Gujarat. Nyinyi wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam hamna haja ya kuelezwa mtu huyo ni nani. Binamu zake mnanunua kwao kanga.

Kipindupindu cha 1854 kiliua watu zaidi ya 20,000. Hata hivyo, kufikia sensa ya 1891 kisiwa kilikuwa na watu zaidi ya 180,000. Bei ya sukari ilikuwa imeanguka, na ghafla watu walewale waliozuiwa kuondoka wakawa mzigo.

Ndipo Wamarekani walipoanza kuchimba mfereji wa Panama, mwaka 1904, na ofisi ya kuandikisha vibarua ikafunguliwa Bridgetown. Vijana walipanga foleni, wakapimwa na madaktari kifua, macho na misuli. Aliyefaulu alipewa mkataba wa senti 10 za Kimarekani kwa saa. Walioondoka kwa mkataba rasmi walikuwa kama 20,000, na waliojilipia nauli wenyewe inaaminika walikuwa wengi zaidi ya hao. Huko mfereji ulikuwa na madaftari mawili ya malipo, la dhahabu kwa Wamarekani weupe na la fedha kwa weusi. Vifo vilivyoandikwa katika kipindi cha Wamarekani vinapita 5,600, na wengi wa waliokufa walikuwa watu wa visiwa.

Sensa ya 1911 ilihesabu watu wapatao 172,000 Barbados, na ile ya 1921 kama 157,000. Nchi haikuwa na vita. Ilikuwa imemwaga wanaume wake. Wanawake walibaki wengi kuliko wanaume kwa mbali, wakilea, wakilima, wakisubiri barua yenye hela. Watafiti wengine wakiona leo kwamba zaidi ya kaya nne katika kila kumi zinaongozwa na wanawake, hukimbilia kusema ni "utamaduni". Mimi husema, fungueni kwanza sensa ya 1921. Na zile hela za Panama hazikupotea. Mashamba kadhaa yaliyofilisika yalikatwa vipande, na watu ambao bibi zao waliandikwa kwenye daftari la 1817 wakanunua viwanja.

Waliobaki hawakuwa salama. Miaka ya 1930 watoto zaidi ya 200 katika kila 1,000 waliozaliwa hawakufikisha mwaka mmoja. Julai 1937 mhamasishaji wa wafanyakazi, Clement Payne, alishtakiwa kwa kusema uongo kuhusu mahali alikozaliwa. Alikuwa amezaliwa Trinidad, kwa wazazi wa Barbados waliokwenda kutafuta maisha. Serikali ikamfukuza kisiwani kwa sababu hiyo. Ghasia zikalipuka, na watu 14 wakauawa. Tazameni kitendawili hicho: nchi iliyosafirisha watu wake kwa maelfu inamwambia mtoto wao aliyerudi kwamba si wake. Leo naye yumo katika orodha ya mashujaa wa taifa.

Miaka ya 1950 lugha rasmi ilikuwa moja: watu wamezidi. Dawa zikawa mbili. Ya kwanza, waondoke. Mwaka 1956 shirika la usafiri la London lilianza kuajiri moja kwa moja kutoka Barbados makondakta na wahudumu wa stesheni, na serikali ya kisiwa ikawakopesha nauli wailipe kidogokidogo kutoka mishahara yao. Wauguzi nao walienda. Uingereza ilianza kufunga mlango mwaka 1962, watu wakageukia New York na Toronto.

Ya pili, wasizaliwe wengi. Chama cha uzazi wa mpango kiliundwa 1954, mapema sana kwa nchi ya aina yake, na serikali ikakiunga mkono. Wakati huo mwanamke mmoja alizaa kwa wastani watoto kati ya wanne na watano. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wastani ulikuwa kama wawili. Madaktari wanajisifia zahanati, na wana haki kiasi. Lakini zahanati pekee haishushi uzazi. Elimu ya sekondari ilifanywa bure mwaka 1962, uhuru wa nchi ukaja 1966, viwanda vidogo na hoteli vikaanza kuajiri wanawake. Mwanamke mwenye mshahara wake hahitaji watoto sita ili awe na wa kumsaidia uzeeni.

Alikuwepo mzee mmoja, James Sisnett, aliyezaliwa Februari 1900 na kufariki Mei 2013 akiwa na miaka 113. Alizaliwa kabla ya mfereji, akaishi nyakati za Panama na za London. Wakati anakufa, nchi yake ilikuwa tayari ina wasiwasi wa kinyume kabisa. Leo takriban mtu mmoja katika kila sita ana miaka 65 au zaidi. Uzazi uko chini ya watoto wawili, na vizazi na vifo vinakaribia kulingana. Umri wa kupata pensheni kamili umefikia 67, na sheria imeshaelekeza upandishwe hadi 68 ifikapo 2034. Serikali ya Waziri Mkuu Mia Mottley inasema waziwazi kwamba nchi inahitaji watu zaidi, hasa wenye umri wa kufanya kazi na kuchangia mfuko wa bima ya taifa.

Wanatoka wapi? Mwaka 2020 kilitolewa kibali cha miezi 12 kwa wageni wanaofanya kazi kwa kompyuta, kwa masharti kwamba kipato kiwe dola 50,000 za Kimarekani kwa mwaka. Hao ni wateja, si wananchi, na sidhani kama watajaza mfuko wowote. Mwezi huohuo, Julai, ndege ilitua Barbados na wauguzi 95 kutoka Ghana, kuziba nafasi katika hospitali ambazo wauguzi wake wenyewe wameshahamia Uingereza, Marekani na Kanada. Kutoka pwani ya Ghana, ambako merikebu zilipakia watu kwa karne mbili, safari hii walikuja kwa hiari yao, na mshahara mfukoni.

Majirani ndio suala gumu zaidi. Mwaka 2013 Mahakama ya Haki ya Karibi iliamuru Barbados imlipe fidia mwanamke wa Jamaika aliyedhalilishwa uwanja wa ndege na kurudishwa kwao miaka miwili nyuma. Basi tangu tarehe 1 Oktoba 2025, Barbados, Belize, Dominica na Saint Vincent na Grenadines zimefunguliana milango kabisa: raia wa moja anaweza kuhamia nyingine, akakaa na kufanya kazi bila kibali, na watoto wake wakaingia shule. Kinyume na zile sheria za mawakala wa miaka ya 1830, sasa kwa raia wa nchi hizo nne anayeamua nani aende wapi ni yule anayekwenda. Kama watakuja wa kutosha, au kama vijana wa Barbados watatumia mlango huohuo kutoka, daftari la sensa ijayo ndilo litakalosema.

Mwenyekiti, naona mikono imeshaanza kunyooshwa kule nyuma. Tuwaanze waliosimama.